Fundi kasema moto uko karibu: kuna nini chini ya kisima cha Maji ya Chai?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Maji ya Chai, kiwanja tulinunua mwaka juzi na bomba halijatufikia. Tumemweka fundi atuchimbie kisima kwa mkono. Kadiri alivyokuwa anashuka akawa analalamika joto. Juzi, akiwa kwenye futi 90 hivi, alipanda ghafla, jasho linamtiririka, anahema kama aliyekimbizwa, na kichwa kinamuuma. Anasema hashuki tena, huko chini moto uko karibu, na tukizidi kuchimba tutaufikia. Mume wangu anamcheka, anataka kuleta fundi mwingine Jumatatu. Mimi sicheki. Mwanangu wa darasa la sita ana mchoro kwenye daftari: dunia imekatwa kama chungwa, juu ganda jembamba, chini yake nyekundu tupu, na ameandika 'uji wa moto'. Mlima Meru tunauona dirishani. Je, kweli tumekaa juu ya bahari ya moto? Tuendelee kuchimba au tuuze kiwanja?"

Marahaba, mama. Kabla sijasema neno lolote kuhusu dunia: Jumatatu asishuke mtu. Sababu nitaieleza, lakini usisubiri mpaka umalize kusoma. Mwambie mumeo sasa hivi, funikeni mdomo wa kisima kwa mbao nzito, watoto wasikaribie, kisha urudi tuzungumze.

Haya. Fundi wako alifanya vyema kupanda, ila sababu aliyoitoa siyo. Tuanze na hesabu ya joto, maana ndiyo rahisi. Ukishuka ardhini, joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilometa. Kilometa, siyo futi. Kwa futi 90, ambazo ni kama mita 27, ongezeko halifiki hata nyuzi moja. Tuseme basi kwetu huku, kwa kuwa tuko kwenye Bonde la Ufa na mlima wa volkano uko mlangoni, ardhi iwe na joto mara tatu ya kawaida. Bado hatujafika nyuzi tatu. Hakuna mtu anayelowa jasho kwa nyuzi tatu.

Kwa kweli, kwenye kina hicho joto la udongo halibadiliki sana mwaka mzima. Linakaribiana na wastani wa joto la hewa ya hapo juu. Ndiyo maana mwezi wa saba, Meru umejifunika mawingu na watu wametoka na makoti, maji ya kisima yanaonekana ya vuguvugu. Mwezi wa pili, jua likiwaka, maji yaleyale yanaonekana ya baridi. Maji ni yale, kilichobadilika ni mkono unaoyagusa.

Joto la ardhini lipo, usinielewe vibaya. Kule Afrika Kusini, mgodi wa dhahabu wa Mponeng umeshuka karibu kilometa 4, na mwamba wake una joto la zaidi ya nyuzi 60. Bila mitambo ya kupooza hewa mtu hawezi kufanya kazi humo. Warusi nao walianza mwaka 1970 kutoboa tundu kwenye Rasi ya Kola, na mwaka 1989 wakafika mita 12,262. Walitarajia nyuzi 100 hivi, wakakuta 180, na mwamba ukawa unalegea na kusumbua mitambo mpaka kazi ikasimama. Hilo ndilo tundu refu kuliko yote kwa kwenda chini, na halikuvuka hata nusu ya ganda la dunia la mahali pale. Moto hawakuuona. Sasa linganisha na sururu ya fundi wako.

Nije kwenye daftari la mtoto, kwa sababu naona hofu yako imetoka huko zaidi kuliko kwa fundi. Mchoro ule nimeuona madaftarini kwa miaka mingi, na una ukweli mwingi. Dunia kweli ina matabaka. Ganda, huku tuliko kwenye bara, lina unene wa kilometa 35 hadi 40 kwa wastani, na chini ya bahari kuu ni kama kilometa 7 tu. Chini ya ganda kuna tabaka nene kuliko yote, mantili, linalokwenda mpaka kilometa 2,900. Halafu kiini cha nje, chuma na nikeli iliyoyeyuka, mpaka kilometa 5,150 hivi. Halafu kiini cha ndani, chuma kigumu, mpaka katikati kabisa, kilometa 6,371 kutoka hapo ulipokaa. Joto la katikati linakisiwa kupita nyuzi 5,000.

Kosa la mchoro ni rangi. Ukipaka mantili nyekundu kama kaa la moto, mtoto ataona uji, na akiona uji ataona ganda linaelea juu yake kama utando wa maziwa. Mantili si uji. Mantili ni jiwe. Jiwe la moto sana, ndiyo, ila ni jiwe gumu kwa kilometa karibu zote 2,900. Uji halisi, ule wa kiini cha nje, uko mbali kuliko kutoka Arusha mpaka Khartoum ukinyoosha kamba, hauji juu, na hauhusiani na volkano yoyote unayoijua.

Utauliza, nani alikwenda akaona? Hakuna aliyekwenda. Nenda soko la Tengeru umwangalie mama anayeuza maparachichi. Hakati hata moja, lakini anajua. Analishika, analibonyeza, analitikisa karibu na sikio. Kokwa ikicheza ndani, anajua limeiva. Sisi tunafanya hivyohivyo, ila anayeitikisa dunia ni tetemeko, na masikio yetu ni mashine za kupimia matetemeko zilizotapakaa duniani kote.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia. Moja husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya treni yanavyogongana moja baada ya jingine. Hilo hupita kwenye kigumu na kwenye kimiminika. La pili hutikisa upande kwa upande, kama kamba uliyoifunga kwenye mti ukaichezesha. Hilo haliwezi kupita kwenye kimiminika, kwa sababu maji ukiyasukuma upande hayarudi mahali pake, yanatawanyika tu. Sasa, mawimbi ya kutikisa yanaipenya mantili yote, juu mpaka chini, na yanakomea kilometa 2,900. Mantili ingekuwa uji, yasingetoka hata chini ya ganda. Mwingereza Richard Oldham alionyesha mwaka 1906 kwamba katikati ya dunia kuna kiini, na mwaka 1926 Harold Jeffreys akahitimisha kwamba kiini hicho ni kimiminika.

Kokwa ya ndani aliiona mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann. Alichukua kumbukumbu za tetemeko la New Zealand la mwaka 1929, akakuta mawimbi dhaifu yamefika mahali ambapo, kwa hesabu za wakati ule, hayakutakiwa kufika. Wengi waliyaona wakayapuuza. Yeye akasema kuna kitu ndani ya kiini kinachoyapindisha, na mwaka 1936 akaandika makala ambayo kichwa chake ni herufi moja tu na alama. Aliishi miaka 104. Mwambie mwanao, hasa kama ni wa kike.

Sasa swali gumu: kama mantili ni ngumu, Meru ulipata wapi lava? Na kwa nini jiwe la nyuzi zaidi ya elfu moja lisiyeyuke? Hapa mwalimu mzuri ni mpishi wa mlimani. Muulize kijana yeyote wa Marangu au Machame anayewapikia wageni Kilimanjaro: maharage yanaiva kambini Kibo? Atacheka. Pale, kwenye mita 4,700 na kitu, maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na ukifika kileleni, mita 5,895, yanachemka kwenye nyuzi 80 tu. Yanachemka upesi lakini hayana joto la kuivisha. Sababu ni kwamba hewa inayoyakandamiza huko juu ni kidogo. Punguza mgandamizo, maji yanachemka kwa urahisi. Ongeza mgandamizo, kama kwenye sufuria ya presha, yanakataa kuchemka hata yakipita nyuzi 100.

Mwamba nao una tabia ya namna hiyo. Huko chini umebebeshwa uzito wa kilometa nyingi za mawe, na mgandamizo huo unauzuia usiyeyuke ingawa joto linatosha. Sasa likitokea jambo la kuuinua mwamba huo kuelekea juu kabla haujapoa, mzigo unapungua, na sehemu yake ndogo inayeyuka. Si wote. Asilimia chache tu, kama jasho. Jasho hilo ni jepesi kuliko jiwe lililobaki, hujikusanya, hutafuta nyufa, hupanda. Hilo ndilo tunaliita magma, na likitoka nje ni lava.

Na kwetu kinachouinua mwamba ni Bonde la Ufa. Afrika inapasuka. Upande wa mashariki unaachana na upande wa magharibi kwa milimita chache kwa mwaka, ganda linavutika na kuwa jembamba, na chini yake mantili yenye joto kuliko kawaida inapanda. Inapanda ingawa ni ngumu, na najua hapo ndipo wanafunzi wangu hukwama. Angalia lami pale malori yanaposimama kusubiri mizani. Ukiigonga kwa nyundo ni ngumu, lakini miaka mitatu baadaye ina mabonde ya matairi. Kitu kinaweza kuwa kigumu kwa nyundo na laini kwa miaka. Mantili husogea sentimita chache kwa mwaka, mwendo wa kucha kuota, ila imekuwa na muda wa kutosha.

Ukitaka kuishika mantili kwa mkono, huna haja ya kwenda mbali. Lashaine, kilima cha upande wa Monduli, ni volkano ndogo ya zamani iliyopanda kwa kasi na kubomoa vipande vya mantili njiani, ikavitupa juu. Ninacho kimoja mezani ninapoandika hapa. Ni jiwe zito la kijani cha chupa, punjepunje, na ndani yake kuna vidoa vyekundu kama mbegu za komamanga. Watu wanaoingia ofisini huuliza kama ni kito. Nawaambia ni sehemu ya dunia isiyoonekana, na wengi wanavunjika moyo kwamba si nyekundu. Almasi za Mwadui kule Shinyanga zilisafiri kwa njia ya jinsi hiyo kutoka kilometa zaidi ya 150 chini.

Kwa hiyo hamjakaa juu ya bahari ya moto. Mmekaa juu ya jiwe, kando ya mlima ambao una mifuko na mishipa yake ya magma, iliyo kilometa kadhaa chini. Fundi hawezi kuifikia hata akichimba maisha yake yote na ya wajukuu wake.

Meru wenyewe? Sitakudanganya kwamba umekufa. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910, na kwa mlima wa volkano hiyo ni jana. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na vifusi vyake vikamwagika kuelekea huko kwenu na Momella. Vile vilima vidogovidogo unavyoviona ukielekea Ngurdoto, vingi ni mabonge ya mlima huo, na fundi wako amekuwa akiyachimba bila kujua. Lakini milima ya namna hii haiamki kimya. Mwaka 2007, kabla Ol Doinyo Lengai haijalipuka mwezi wa tisa, ardhi ya huko ilitetemeka kwa wiki nyingi. Tetemeko la tarehe 17 Julai lilikuwa la kipimo cha 5.9 na lilisikika mpaka Nairobi. Mkianza kusikia mitetemo midogo ya mfululizo, siku baada ya siku, toeni taarifa serikali ya kijiji na wilaya. Kuuza kiwanja kwa sababu ya Meru, mimi nisingeuza. Nami naishi chini yake.

Turudi kisimani, maana hapo ndipo penye hatari ya kweli. Jasho, kuhema, kichwa kuuma: hizo ni dalili za mtu aliyekosa hewa safi. Ninachoshuku zaidi ni hewa ya ukaa, gesi ileile tunayoitoa tukipumua, ila ikiwa nyingi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia chini ya shimo kama maji kwenye ndoo. Haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 3 ya hewa unayovuta, unaanza kuhema na kichwa kinagonga. Ikipita asilimia 10, mtu anazimia kwa muda mfupi sana, na aliyezimia kwenye futi 90 hapandi mwenyewe.

Inaweza kuwa imetoka kwenye udongo na mizizi inayooza, au imetoka ndani zaidi, kwa sababu maeneo ya volkano hupumua gesi hii kupitia nyufa. Wenzetu wa Goma wana jina lake kabisa, mazuku, na wanajua mabonde ambayo mbuzi hawapelekwi asubuhi. Kule Cameroon, mwaka 1986, Ziwa Nyos liliifyatua usiku mmoja na watu wapatao 1,700 wakafa. Kisima chako si Nyos. Lakini siwezi kukuambia kutoka hapa kuna kiasi gani, na mumeo pia hawezi kujua kwa kuchungulia.

Najua mafundi hushusha mshumaa au koroboi. Ikizimika, sawa, mmeonywa. Isipozimika, msijiamini, kwa sababu mshumaa unaweza kuendelea kuwaka kwenye hewa ambayo tayari inamlevya mtu. Kinachotakiwa ni kipimo cha gesi kilichoshushwa kwa kamba mpaka chini kabisa, na mashine ya kusukuma hewa safi kwa bomba refu muda wote mtu akiwa ndani, na mtu huyo awe amefungwa mkanda wenye kamba, na watu wa kumvuta wawe juu. Kama fundi hana vitu hivyo, hana kazi ya kufanya kwenye futi 90. Na likitokea la kutokea, mtu akaanguka ndani, asishuke ndugu wala jirani kumwokoa. Anayeshuka kwa huruma huanguka juu ya yule wa kwanza. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Fundi wako, kama kichwa bado kinauma au ana kizunguzungu, apelekwe kituo cha afya leo, na aeleze alikuwa kisimani.

Je, muendelee? Maoni yangu ni kwamba kisima cha mkono kwa kina hicho kiishie hapo. Mkiwa na uwezo, chimbeni kwa mashine, mtu asiingie ardhini kabisa. Kabla ya hapo nendeni ofisi ya Bonde la Pangani, makao yake yako Moshi, mkaulize habari za kibali na za visima vya jirani: vimekuta maji kwa kina gani, na maji yenyewe yakoje. Gharama ni kubwa, sikatai, na inawezekana mkalipa halafu maji yakawa hayanyweki.

Maana kuna jambo ambalo hukuuliza na ndilo ningeliuliza mimi kwanza: floraidi. Miamba ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huichukua. Eneo lenu linajulikana kwa hilo. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku yanatokana na hiyo, na ikizidi sana kwa miaka huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hatari kwa meno ni kubwa kwa mtoto aliye chini ya miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi. Huyo wa darasa la sita ameshapita sehemu kubwa ya kipindi hicho. Kama ana mdogo wake, huyo ndiye wa kumwangalia.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo unaiongeza makali. Chujio la mkaa wa mifupa linaipunguza vizuri kama mkaa unabadilishwa kwa wakati. Maji ya mvua kutoka kwenye bati safi hayana shida hiyo, na kwa nyumba yenye bati kubwa tenki la kuvuna mvua ya kunywa na kupikia linaweza kuwa nafuu kuliko kisima. Maji ya kisima yabaki ya kufulia na ya ng'ombe. Na yale magadi mnayotia kwenye maharage yalainike, yapunguzeni, nayo mara nyingi yana floraidi.

Chukua chupa safi ya lita moja, omba maji kwa jirani mwenye kisima cha karibu zaidi, uyapeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Omba wapime floraidi kwa jina, wasikupe majibu ya chumvi na vijidudu tu. Namba watakayokuandikia niletee, tuangalie pamoja kama kuna haja ya kuita mashine au kununua tenki. Na huyo fundi, mlipe siku ile aliyopanda kama siku kamili ya kazi.